Kutembea Bila Hisani

Geti lilikuwa wazi kabisa. Milango yake yote miwili ya chuma ilikuwa imesukumwa nyuma na kufungwa kwa utepe mweupe, na sisi, kanisa zima, tulisimama mbele yake bila kuingia. Ndani ya geti kulikuwa na meza ndefu zilizotandikwa vitambaa, na juu yake vilima vya maandazi ya zabibu kavu na majagi ya sharubati ya limau. Bwana Redfern alisimama kando ya meza ya kwanza, kofia mkononi, anatabasamu. Kulia kwake alikuwapo wakili wake. Kushoto, mpiga picha wa gazeti alikuwa ameshainamia kamera yake. Wote watatu walikuwa wananitazama mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, gauni jeupe jipya, na hotuba ya shukrani niliyoikariri hadi nikaiota.

Niseme mapema kwamba njia iliyotuleta pale ipo mpaka leo. Asubuhi hii nimeipita kwa magoti yangu haya mabovu. Anayesoma ili ajue tu kama tulishinda ameshajua, anaweza kwenda kupika. Ninachotaka kusimulia ni jinsi tulivyokaribia kuipoteza kwa sababu ya adabu zetu nzuri, na bado nikikumbuka damu inanichemka.

Katika mji wetu wa Ellenclough, kwenye mabonde ya Lancashire, neno walk, yaani kutembea, lilikuwa na kazi nyingi kuliko mama wa watoto kumi. Mtoto aliyeacha kutambaa, huyo anatembea. Kijana na msichana wakionekana Jumapili mbili mfululizo kando ya mto, basi hao wanatembea, na msinielewe vibaya: walitembea kweli, kwa miguu, mikono mifukoni, na mama mtu anachungulia dirishani. Wafumaji wakizima mitambo na kutoka kiwandani kudai ujira, walisemwa wametembea. Marehemu asiyetulia kaburini naye alitembea. Na Ijumaa ya wiki ya Pentekoste, mji mzima ulipovaa nguo mpya na kuandamana nyuma ya bendera za makanisa, swali kwa jirani lilikuwa moja tu: “Mnatembea mwaka huu?” Aliyejibu hapana alikuwa mgonjwa, au kafiwa, au Mkatoliki, na Wakatoliki walikuwa na siku yao.

Mwalimu Openshaw alitufundisha darasani kwamba zamani za kale neno hilo halikuwa na miguu. Lilimaanisha kubiringika, kurushwa huku na huko kama yafanyavyo mawimbi. Baadaye likaja kumaanisha kukanyaga nguo, likaja pia kumaanisha kwenda kwa miguu, na wenye makamusi bado wanabishana lilivukaje kutoka huku kwenda kule. Nilikimbia nyumbani kumpelekea Bibi habari hizo. Bibi Keziah, mama yake baba, alikuwa jikoni anamenya viazi.

“Kubiringika?” alisema. “Kamwambie mwalimu wako ukoo wangu haukubiringika. Ulikanyaga.”

Alizaliwa Keziah Walker, yaani mkanyagaji, na jina hilo ndiyo kazi yenyewe. Babu za babu zake walikuwa wakanyagaji: waliingia miguu mitupu kwenye mabirika ya mkojo uliochacha na udongo, wakaikanyaga sufu iliyofumwa hadi nyuzi zikashikana na kuwa nguo ya kuzuia baridi. “Ndiyo maana tuna miguu mizuri,” alipenda kusema, na kuinua pindo la sketi yake kidogo ili kumuudhi baba. Kinu chao kilikuwa gofu kando ya kijito, kuta tatu na magugu. Njia waliyoipita kwenda kazini tuliiita Njia ya Wakanyagaji. Ilianzia nyuma ya kanisa, ikapita kwenye gofu, ikapanda kilimani kwenye makaburi yetu ya zamani, kisha ikateremka bonde la pili, Harle. Wanawake waliipita kwenda kiwandani. Wapenzi waliipita Jumapili. Na kila Pentekoste maandamano yetu yalipanda nayo hadi makaburini, tukaimba kwa ajili ya wafu wetu, tukarudi.

Kisha Bwana Redfern, mwenye kiwanda, akanunua shamba lote la kilimani na kujenga nyumba ambayo madirisha yake yalitazama njia yetu.

Hakuwa mkatili. Laiti angekuwa, maana mtu mkali unajua pa kumshika. Yeye alikuwa mwema. Mwanzoni palikuwa na njia nyingine, ya Chemchemi, fupi, ya kwenda kuchota maji. Bwana Redfern aliwaambia watu wa huko, karibuni, piteni tu, mimi sina neno. Kanisa letu likafurahi, likampa shukrani rasmi katika sherehe ya mavuno, wote tumesimama, tunapiga makofi. Mwaka uliofuata akajenga ukuta. Watu walipokwenda mahakamani, wakili wake aliuliza swali moja tu: je, mlimshukuru? Tulimshukuru. Basi, akasema wakili, mtu hashukuru kwa kilicho chake; hawa walikuwa wageni, na mwenye nyumba amechoka na wageni. Chemchemi ikawa imekwenda.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tatu Pentekoste ifike, na Bwana Jabez Greenhalgh, msimamizi wa shule ya Jumapili, alisimama mbele ya kanisa na kutusomea barua iliyotoka nyumba kubwa. Mwaka huu, kwa hisani ya Bwana Redfern, maandamano yataruhusiwa kupita shambani kwake kwa geti jipya, na watoto watapewa maandazi. Watu walinong’ona kwa furaha. Msimu ule viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, na andazi la bure halikuwa jambo dogo.

“Jabez,” Bibi alisema kutoka kiti cha nyuma, “hebu rudia hapo.”

“Wapi, Dada Keziah?”

“Hapo kwenye hisani.”

“‘Kwa hisani ya Bwana Redfern.’”

“Hisani ya nani?”

“Ya Bwana Redfern.”

“Mimi napita pale tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni,” alisema Bibi. “Huyo Redfern alikuwa wapi? Alikuwa hajazaliwa kunipa hiyo hisani.”

Watu wakacheka, na Bwana Greenhalgh naye akacheka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ni mtu aliyelelewa, kama sisi sote, kusema asante hata kwa mwenye duka anayempunja. Kwetu hakuna mkutano uliovunjika bila mtu kusimama kutoa shukrani. Hata mazishini palikuwa na mtu wa kuwashukuru wapishi. Alisema, dada yangu, tusiwe watovu wa adabu, ni Pentekoste. Kamati ikapiga kura. Shukrani zitatolewa palepale getini, mbele ya gazeti, na atakayezitoa ni Annis Haslam, mwenye sauti nzuri kuliko wasichana wote.

Annis Haslam ndiye mimi. Kusema kweli nilivimba kichwa. Bwana Greenhalgh alinidokeza pia kwamba Bwana Redfern anatafuta msichana wa ofisini, msomi, mwenye kujua kuongea, na kwamba macho yake yatakuwa kwangu siku hiyo. Ofisini palikuwa na kiti na dirisha. Mama alikuwa kiziwi kwa sababu ya mitambo, na tulizungumza naye kwa kusoma midomo kama wafumaji wote. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Bibi hakunikataza. Hilo ndilo lililoniudhi. Kila jioni nilisimama sebuleni na kurudia, “Kwa niaba ya kanisa, napenda kutoa shukrani zetu za dhati kwa ukarimu wako wa kuturuhusu,” naye anafuma soksi na kunisikiliza mpaka mwisho.

“Umetamka vizuri,” alisema siku moja. “Hasa hapo kwenye kuturuhusu.”

“Mama, mwache mtoto,” baba alisema. Alikuwa mfumaji kwa Redfern, na alikuwa na hofu zake. “Ni maneno tu.”

“Hata Chemchemi yalikuwa maneno tu, mwanangu. Wewe ulipiga makofi, nilikuona.”

Mama, ambaye alikuwa amemsoma Bibi midomo, akageuka kuutazama moto.

Kwa hiyo pale getini nilijua kila kitu, na bado nilikuwa sijaamua. Nataka hilo lieleweke, maana watu wamenipamba sana tangu siku ile. Bendi ilikuwa imenyamaza. Bendera yetu ya hariri, pana kama ukuta wa chumba, ilikuwa inavuta upepo na wanaume wameshikilia kamba zake. Watoto walikuwa wanatazama maandazi. Nilipiga hatua mbele, Bwana Greenhalgh akanikonyeza kwa upole kunitia moyo, na Bwana Redfern akafungua mikono.

“Karibuni sana, marafiki,” alisema. “Leo njia hii ni yenu.”

Alilisema kwa ukunjufu. Nadhani hata yeye hakulisikia. Lakini mimi nililisikia lile “leo”, na hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Leo ni yetu. Jana ilikuwa ya nani, wakati babu yangu anabebwa kwenye jeneza kupitia pale, theluji imefika magotini, na waliombeba wanapokezana? Kesho itakuwa ya nani?

“Bwana Redfern,” nilisema, na sauti yangu nzuri ikatoka kavu, “mimi ndiye niliyetumwa kukushukuru.”

Akainamisha kichwa kupokea.

“Lakini sioni cha kushukuru. Sisi tumekuja kutembea.”

Kisha nikageuka, nikaliacha geti lake na utepe wake. Hatua chache pembeni, ukutani, vilikuwapo vidato vya zamani, mawe yaliyochomoza kutoka ukuta wenyewe, yamelika katikati kwa nyayo za watu. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Geti lilikuwa lake. Vidato vilikuwa vyetu. Nikakusanya gauni langu jeupe, nikapanda, likanasa kwenye jiwe likachanika hadi gotini, nikarukia upande wa pili.

Nilikuwa peke yangu kule. Nakumbuka majani marefu yaliyolowa, na soksi zangu zinaingia maji, na kimya. Nikawaza kwamba nimejiaibisha mbele ya mji mzima na hakuna atakayefuata.

“Annis,” Bwana Greenhalgh aliita, “rudi hapa mara moja.”

“Jabez, mwache,” ilikuwa sauti ya Bibi. “Niazime bega.”

Alikuwa amefikisha umri ambao hata ngazi za nyumbani alizipanda kwa kupumzika. Alivipanda vile vidato kimoja kimoja, anashika ukuta kwa mkono mmoja na bega la msimamizi wa shule ya Jumapili kwa mkono mwingine, na kanisa zima likamsubiri. Bwana Redfern alimsogelea kwa haraka, na wema wake bado uko usoni.

“Bi mkubwa, tafadhali, geti liko wazi. Utaumia.”

“Nimeliona, bwana,” alisema Bibi akiwa juu ya ukuta. “Geti zuri.” Akateremka.

Baada ya hapo wakaja. Alianza mama, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja lakini alisoma midomo yote. Wakafuata wafumaji wenzake, sketi mkononi. Wanaume wakaikunja bendera kwenye fimbo zake na kuipitisha juu ya ukuta, ikapokelewa na wasichana. Likapita tarumbeta kubwa. Ngoma ya bendi ikakwama kidogo kwenye mawe, ikasukumwa, ikapita. Geti lilikuwa limeachama palepale, pana, lingepitisha gari la farasi, na hakuna aliyeligusa. Watoto walipangwa mstari kuelekea vidatoni, na mstari ukawa unapita mbele ya maandazi, upande huu wa geti.

“Hata moja?” aliuliza binti mdogo wa jirani yetu, Mabel.

“Hata moja,” mama yake alisema. “Utakula nyumbani.”

“Nyumbani hakuna.”

“Basi utakula nyumbani hicho hicho kisichokuwapo. Panda.”

Mabel akapanda analia. Mimi nilimpokea upande wa pili, na mpaka leo huyo ndiye ninayemhesabu kuwa shujaa wa siku ile, kuliko mimi, maana mimi sikuwa na njaa.

Hapo ndipo wakili alipomshika Bwana Redfern mkono na kumnong’oneza. Nilimwona akielewa. Kama hatutapokea hisani, basi atupe kwa nguvu. Akaja hadi ukingo wa njia, uso umemwiva, akapaza sauti.

“Nawaruhusu. Mnasikia? Nawaruhusu nyote kupita. Kwa ruhusa yangu.”

Watu wakapunguza mwendo. Ni vigumu kueleza nguvu ya kitu hicho kwa watu waliolelewa kama sisi. Mwenye mali anakukaribisha kwa sauti, midomo yako yenyewe inataka kufunguka na kusema asante, bwana. Nilimwona baba akigusa ukingo wa kofia yake kabla hajajizuia. Bibi akamgeukia kiongozi wa bendi, Enoch Pilling.

“Enoch, hayo matarumbeta mmeyaleta kuyatembeza tu?”

Enoch akainua kijiti. Wakapiga wimbo wa kupandia kilimani, wakaupiga kwa nguvu zote, na yule wa ngoma akapiga kama anayemdai mtu. Bwana Redfern aliendelea. Mdomo wake ulifunguka na kufumba, akatembea sambamba nasi hadi kwenye gofu la kinu, akitupa ruhusa, na sisi tukapanda.

Bwana Greenhalgh alibaki barabarani wa mwisho, mnene, peke yake, anatazama geti na kutazama vidato. Halafu akavua koti lake la Jumapili na kupanda. Suruali yake ilichanika mahali pabaya. Makaburini aliomba sala huku ameupa ukuta mgongo, na hakunisemesha hadi mavuno.

Kiti cha ofisini alipewa msichana mwingine, na mimi nikaenda kwenye mitambo kama mama. Iliniuma. Sitadanganya kwamba haikuniuma.

Wiki chache baadaye Bwana Redfern alifunga vidato kwa waya wa miiba, huku na upande wa Harle, na aliyeukata waya aliukuta umerudishwa. Mwishowe akatushtaki, kanisa zima kwa majina ya wachache, na kesi ikasikilizwa Harle mvua zilipoanza. Wakili aliuliza swali lake lile lile. Mzee mmoja baada ya mwingine alisimama na kusema ameipita njia ile tangu lini na kwa shughuli gani: kazini, kanisani, kumposa mkewe, kumzika mkewe. Je, ulimshukuru mtu? Hapana. Kisha wakaniita mimi.

“Siku ya Pentekoste,” wakili alisema, “Bwana Redfern alitamka kwa sauti kwamba anawaruhusu. Ulimsikia, au hukumsikia?”

Nilijua wengi walitaka niseme kwamba bendi ilikuwa inapiga. Enoch Pilling mwenyewe alikuwa ananitazama kwa kunisihi. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya Biblia, na zaidi ya hapo sikuona sababu ya kujificha nyuma ya ngoma.

“Nilimsikia,” nilisema. “Alisema mara nyingi.”

Wakili akageuka kumtazama hakimu.

“Hakuna aliyemwomba,” nilisema.

Hakimu aliandika kitu, akauliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Akasema atatoa uamuzi baada ya kufikiri, pengine kabla ya Krismasi, na akawaonya wote wawili, mdai na wadaiwa, wawe na subira.

Nje mvua ilikuwa nyepesi. Basi la kurudi Ellenclough kwa barabara kuu, linalozunguka kilima kizima, lilikuwa linangurumisha injini. Baba alikuwa na fedha za nauli mkononi.

“Mama, twende,” alimwambia Bibi. “Umesikia hakimu. Tungoje uamuzi.”

“Ngojeni,” alisema Bibi.

Alishaanza kwenda. Nilimfuata mbio hadi mwisho wa kichochoro, ambapo njia yetu inaanzia upande ule: ukuta, vidato, na waya mpya wa miiba unang’aa kwa mvua. Bibi alinikabidhi mfuko wake. Akavua koti lake zito jeusi, koti pekee alilokuwa nalo, akalikunja mara moja, akalitandika juu ya miiba, akalipigapiga kwa kiganja kuhakikisha limekaa.

“Nipe mkono,” alisema.